Kinga ya Mtu Mmoja: Kwa Nini Katiba Huiwekea Serikali Mipaka

Katiba ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuunda serikali: Rais apatikane vipi, Bunge litunge sheria kwa utaratibu gani, majaji wateuliwe na nani, kodi itozwe kwa idhini ya nani. Ya pili ni kuiambia serikali hiyohiyo yale isiyoruhusiwa kumtendea mtu. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, sehemu kubwa ya kazi hii ya pili imo katika ibara ya 12 hadi ya 24. Katika Katiba ya Kenya ya 2010, imo katika Sura ya Nne. Humo zimetajwa haki ya kuishi, usawa mbele ya sheria, uhuru wa mtu kwenda atakako, uhuru wa mawazo na wa dini, haki ya kukusanyika, haki ya kumiliki mali, na haki ya kusikilizwa na mahakama kabla ya kuhukumiwa. Orodha ya namna hiyo huitwa Hati ya Haki.

Inaweza kushangaza kwamba waraka unaoipa serikali nguvu ndio pia unaoifunga mikono. Sababu yake inaeleweka mtu akiangalia nguvu za dola zilivyo, na akifuatilia yaliyozikuta nchi zilizoishi bila kinga hiyo au zilizokuwa nayo kwenye karatasi tu. Tanzania na Kenya zinatoa mifano ya hali zote mbili.

Nguvu asizo nazo mwingine

Mtu akimfungia jirani yake chumbani ametenda jinai. Askari akimfungia mtu yuleyule mahabusu, huenda anatimiza wajibu wake. Mtu akichukua shamba la mwenzake ni mnyang'anyi; serikali ikilitwaa ili kupitisha barabara, imetumia mamlaka yake halali. Dola ndiyo pekee inayoweza kukamata, kufunga, kutoza, kutwaa na, katika nchi zenye adhabu ya kifo, kuua kwa mujibu wa sheria. Nchi haiendi bila nguvu hizo. Pasipo na dola, mwenye bunduki ndiye mwenye amri, na wanyonge huumia kabla ya wengine.

Tatizo huja pale dola yenyewe inapokosea. Aliyeibiwa na jirani hukimbilia polisi. Aliyepigwa na polisi akimbilie wapi, ikiwa anayekamata, anayeshtaki na anayetunga sheria wote wanasimama upande mmoja? Mtu mmoja akipambana na dola hana jeshi, hana hazina, hana wapelelezi. Anachoweza kuwa nacho ni kanuni iliyo juu ya serikali yenyewe, na mwamuzi asiyepokea maagizo ya serikali. Hati ya Haki ndiyo kanuni hiyo, na mahakama huru ndiyo mwamuzi huyo. Kimoja kikikosekana, cha pili hakifanyi kazi.

Sheria ya kawaida haitoshi kubeba kinga hii, kwa kuwa Bunge linaweza kuifuta kwa wingi mdogo wa kura na katika kikao kimoja. Kwa hiyo haki huwekwa ndani ya Katiba, mahali ambapo kuzigusa ni kazi ngumu zaidi. Nchini Tanzania, kubadili Katiba kunahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote, na ibara ya 64(5) inasema kuwa sheria yoyote inayopingana na Katiba ni batili. Nchini Kenya, ibara ya 255 inataka wananchi wenyewe wapige kura ya maoni kabla ya Hati ya Haki kuguswa.

Kanuni ilivyojengwa

Wazo hili lilikua kidogo kidogo, na karibu kila hatua ilitokana na dhuluma iliyokwisha kutendeka. Mwaka 1215, makabaila wa Uingereza waliochoshwa na kodi na vifungo vya Mfalme John walimlazimisha kukubali Magna Carta. Hati hiyo iliwalinda wakubwa kuliko makabwela, lakini iliacha kanuni moja iliyodumu: mtu huru asifungwe wala kunyang'anywa mali isipokuwa kwa hukumu halali. Mwaka 1689, baada ya mfalme mwingine kuondolewa, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Haki iliyomzuia mfalme kusimamisha sheria au kutoza kodi bila idhini ya Bunge, na iliyokataza adhabu za kikatili.

Marekani ndiyo iliyoleta mjadala wa wazi zaidi. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 haikuwa na Hati ya Haki. Alexander Hamilton alishikilia kwamba haikuhitajika, kwa kuwa serikali haikupewa mamlaka ya kuingilia mambo hayo. Kukataza lisiloruhusiwa, kwa maoni yake, kungefanya watu wadhani liliruhusiwa. George Mason wa Virginia alikataa kutia saini, na ukosefu wa Hati ya Haki ulikuwa miongoni mwa sababu zake kubwa. Wengi waliokuwa wamepekuliwa majumbani na maofisa wa Uingereza, au kuishi karibu na askari waliolazimishwa juu yao, waliona kama Mason. James Madison, aliyeanza akiwa na shaka, ndiye aliyepeleka mapendekezo bungeni mwaka 1789. Marekebisho kumi ya kwanza yakaanza kutumika Desemba 1791. Wafaransa nao walikuwa wametoa Tamko la Haki za Binadamu na Raia Agosti 1789.

Hati hizo zilikuwa na doa kubwa. Watumwa wa Marekani hawakupata kinga yoyote katika marekebisho yale kumi. Utumwa ulifutwa kikatiba mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanawake nao waliachwa nje kwa muda mrefu. Haki inayotajwa kuwa ya kila mtu ina tabia ya kudaiwa na wale walioachwa nje, na historia ya karne mbili zilizofuata ni historia ya madai hayo. Desemba 10, 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu mjini Paris, na tangu hapo katiba nyingi za mataifa mapya zimechota kutoka humo.

Wengi wanapokosea, na saa ya hofu

Yapo maoni kwamba kinga hizi zilihitajika dhidi ya wafalme tu, na kwamba serikali iliyochaguliwa na wananchi haiwezi kuwaonea wananchi. Maoni hayo yanasahau kwamba kura huhesabu walio wengi. Walio wachache kwa dini, kabila, rangi au mawazo wanaweza kushindwa katika kila uchaguzi maisha yao yote. Ikiwa kila jambo linaamuliwa kwa wingi wa vichwa, hata ibada yao na uhai wao viko mikononi mwa wengine. Hati ya Haki hutenga mambo machache na kuyaweka nje ya kura: mtu hapotezi imani yake wala haki ya kusikilizwa kwa sababu tu majirani zake wengi hawampendi.

Hatari huongezeka wakati wa hofu. Katiba ya Ujerumani ya 1919 ilikuwa na orodha ndefu ya haki, lakini ilimruhusu Rais kuzisimamisha wakati wa dharura. Februari 28, 1933, siku moja baada ya jengo la Bunge kuungua, amri ya Rais ilisimamisha uhuru wa mtu binafsi, wa vyombo vya habari na wa kukusanyika. Utawala wa Hitler ulijengwa juu ya amri hiyo. Wajerumani walipoandika Katiba mpya mwaka 1949, walianza na utu wa binadamu katika ibara ya kwanza na wakaandika kwamba msingi huo hautaondolewa kwa marekebisho yoyote.

Marekani nayo ilianguka saa ya hofu ilipofika. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani, walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa kambini bila kushtakiwa. Mahakama ya Juu ilibariki hatua zile mwaka 1944. Ilichukua hadi 1988 serikali kuomba radhi na kulipa fidia. Haki zilikuwepo kwenye maandishi, na majaji walikuwepo. Kilichokosekana ni ujasiri wa kuzisimamia haki hizo siku zilipohitajika.

Tanganyika inaikataa Hati ya Haki

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, viongozi wa chama tawala, TANU, waliamua Katiba isiwe na Hati ya Haki. Waliofanya uamuzi huo hawakuwa madikteta, na sababu zao zilikuwa na uzito. Waingereza walikuwa wametawala kwa miongo minne bila kuwapa Waafrika haki hizo, kisha wakazihimiza wakati wanafungasha mizigo. Majaji karibu wote walikuwa wageni. Jaji Mkuu wa kwanza mzalendo alipatikana mwaka 1971. Viongozi waliona hatari kwamba mahakama ya wageni ingezuia mipango ya serikali ya wananchi, kama vile kuondoa ubaguzi uliorithiwa na kugawa upya rasilimali. Nchi ilikuwa changa na maskini, na umoja ulionekana kuja kwanza.

Mwaka 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumshtaki. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, iliyotoa taarifa yake mwaka 1965 kuhusu mfumo wa chama kimoja, ililitafakari tena suala la Hati ya Haki na kulikataa. Mahali pake iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa serikali na chama. Ilikuwa tume ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika na iliwasaidia wengi. Lakini haikuwa na uwezo wa kuamuru: ilichunguza na kumpelekea Rais ushauri, na Rais ndiye aliyeamua. Mlalamikaji alitegemea wema wa mkubwa, hata pale ambapo mkubwa alikuwa mwema.

Miaka iliyofuata ilionyesha upungufu wa mpango huo. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na baadhi yao nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa moto. Lengo lilitajwa kuwa jema: shule, zahanati na maji karibu na kila kaya. Aliyehamishwa, hata hivyo, hakuwa na haki ya kikatiba ya kusimama nayo mbele ya jaji. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilikamata watu wengi katika msako wa wauaji, na baadhi ya waliokamatwa walifia mikononi mwa walinzi wao baada ya kuteswa. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kuwajibika, na baadhi ya maofisa walifungwa baadaye. Uwajibikaji ule ni wa kuheshimika. Lakini ulikuja baada ya vifo, na haukuwapa waliobaki kinga yoyote mpya.

Mwaka 1983 ukaleta msako wa wahujumu uchumi. Bidhaa zilikuwa zimeadimika madukani na hasira ya wananchi dhidi ya walanguzi ilikuwa kali. Watu walikamatwa kwanza; sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma ili ihalalishe ukamataji uliokwisha kufanyika. Washtakiwa walipelekwa kwenye mabaraza maalumu nje ya mahakama za kawaida, hawakupewa dhamana wala kuruhusiwa wakili. Wengi walishangilia. Hata hivyo, mwananchi yeyote mwenye magunia machache ya mchele stoo angeweza kujikuta humo, na asingekuwa na pa kukata rufaa.

Mwaka huohuo Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, chama tawala cha wakati huo, ilikuwa imefungua mjadala wa kitaifa wa kubadili Katiba. Hati ya Haki haikuwa miongoni mwa mapendekezo ya chama. Iliingizwa na wachangiaji: wanasheria, wanazuoni na wananchi wa pande zote mbili za Muungano. Sheria namba 15 ya 1984, yaani Marekebisho ya Tano, iliiweka ndani ya Katiba, na Katiba mpya ya Zanzibar ya 1984 nayo ikawa na haki zake. Ukisoma ibara ya 13(6), unaona majibu kwa yale yaliyokwisha kutokea: mtu ahesabiwe hana hatia hadi athibitishwe, asiadhibiwe kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa, asiteswe, apewe nafasi ya kusikilizwa na kukata rufaa. Serikali iliomba muda wa kurekebisha sheria zake, na kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988, hakuna aliyeruhusiwa kuzidai haki hizo mahakamani.

Haki mbele ya jaji

Milango ilipofunguliwa, waliopita walikuwa watu wa kawaida. Mshtakiwa wa unyang'anyi aliyenyimwa dhamana aliuliza kama sheria inaweza kumfunga mtu kabla ya hukumu bila kumpa jaji nafasi ya kupima. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali kwamba kifungu husika cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilikuwa kipana mno na hakikuweka utaratibu wa kumlinda mtu, ikakitangaza batili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifuta pia sharti lililomtaka mwananchi aombe ridhaa ya serikali kabla ya kuishtaki serikali. Sharti hilo lilimpa mdaiwa uwezo wa kuamua kama ashtakiwe au la.

Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza ilisikiliza shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake na kuiuza. Mtu wa ukoo wake alidai kwamba, kwa mila iliyoandikwa mwaka 1963, mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake lakini hawezi kuiuza. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni iliyomruhusu mwanamume kuuza na kumzuia mwanamke ilivunja usawa uliomo katika Katiba. Hapa Hati ya Haki ilikwenda mbali kuliko waasisi wake wa kale walivyofikiri: iliikabili mila iliyokuwa imepewa nguvu na dola.

Shauri zito kuliko yote kwa wakulima lilitoka Mbulumbulu, mkoani Arusha. Baba na mwanawe waliopoteza ardhi yao wakati wa Operesheni Vijiji walishinda kesi ya kuirudisha. Rufaa ikiwa bado inasubiri, Bunge lilitunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila juu ya ardhi za vijiji, ikazuia fidia na kuondoa mahakamani mashauri ya aina hiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24. Kama isingekuwa mali, ilieleza Mahakama, sehemu kubwa ya Watanzania wangekuwa wakaaji wasio na haki katika nchi yao wenyewe. Vifungu vilivyoifuta haki hiyo bila fidia, na vile vilivyofunga mlango wa mahakama, vikatangazwa batili. Miaka ishirini baada ya operesheni, wakulima wawili walikuwa wamepata jaji wa kuwasikiliza.

Orodha imeendelea. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana na mwanaharakati Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, ni vya kibaguzi, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019.

Lakini dola nayo hujua kurudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1994 Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu: ulazima wa kibali cha kufanya mkutano wa hadhara ulifutwa, na mgombea binafsi akaruhusiwa. Kuhusu mgombea binafsi, Bunge lilibadili Katiba mwishoni mwa mwaka huohuo ili kuzima ushindi huo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la Bunge. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Juni 2013 kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki za Mtikila. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwaka 2020 sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ikabadilishwa, ikimtaka mlalamikaji athibitishe kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Kila hatua ya namna hii inapunguza idadi ya wanaoweza kumfikia jaji, hata kama maneno ya ibara yamebaki yaleyale.

Kenya: maandishi bila mlinzi

Kenya ilianza upande wa pili. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na Hati ya Haki ndefu. Mwaka 1966 marekebisho na sheria ya usalama wa umma vilifungua njia ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka hata nchi ikiwa na amani. Kiongozi wa upinzani Jaramogi Oginga Odinga aliwekwa kizuizini mwaka 1969. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikaa humo karibu mwaka mzima, kuanzia mwishoni mwa 1977, bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Katika miaka ya 1980, washukiwa wa kisiasa waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya jiji la Nairobi, huku Hati ya Haki ikiendelea kukataza mateso.

Kilichovunjwa kilikuwa ulinzi wa maandishi hayo. Mwaka 1988 Bunge liliondoa usalama wa ajira ya majaji, hata jaji akawa anaweza kuachishwa kazi kwa matakwa ya Rais. Ulirudishwa mwaka 1990. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ilisema haiwezi kutekeleza Hati ya Haki kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kufungulia mashauri ya aina hiyo. Katiba ilikuwa na miaka ishirini na sita, na haki zake zilizuiwa na ukosefu wa kanuni za utaratibu.

Katiba ya Agosti 27, 2010 iliandikwa na watu waliokumbuka hayo yote. Ibara ya 19 inasema haki ni za kila mtu kwa utu wake na hazitolewi na dola. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba yake au ya mwingine, bila ada, na hata kwa barua ya kawaida pale inapobidi. Ukosefu wa kanuni haumzuii tena. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Ibara ya 25 inataja haki nne zisizoguswa kwa sababu yoyote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na kufikishwa mbele ya mahakama mtu anapozuiliwa. Tangu mwaka huo, Mahakama Kuu imewapa fidia wengi waliopita Nyayo House.

Haki nazo zina mipaka

Kinga hizi haziifanyi serikali ishindwe kutawala. Uhuru wa kusema haumlindi anayechochea mauaji, na haki ya mali haizuii barabara kupita penye fidia. Ibara ya 30 ya Katiba ya Tanzania inaruhusu sheria ziweke mipaka kwa ajili ya haki za wengine, ulinzi, afya na manufaa ya umma. Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya inafafanua zaidi: mpaka uwekwe kwa sheria, uwe na sababu inayokubalika katika jamii huru, na usizidi kiasi kinachohitajika.

Kinachobadilika ni nani anayetakiwa kujieleza. Bila Hati ya Haki, mwananchi ndiye anayeomba aachwe. Ikiwepo, serikali ndiyo inayopaswa kuonyesha kwa nini imemgusa, mbele ya mtu asiye mwajiriwa wake. Mwaka 1995, kwa mfano, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, lakini ikaona kwamba Katiba inairuhusu kwa manufaa ya umma. Wengi hawakukubaliana nayo. Hata hivyo, dola ililazimika kuleta hoja, na hoja hizo zimebaki wazi kupingwa tena. Huko Kenya, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilitangaza kuwa ni kinyume cha Katiba kwa sheria kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hati ya Haki ni njia ya kuifanya kauli hiyo idaiwe mahakamani. Haikuwekwa kwa kudhani kwamba kila mtawala ni mwovu. Miaka ishirini na mitatu ya Tanzania bila hati hiyo ilionyesha kwamba serikali yenye nia njema, ikiwa na haraka na isipokuwa na wa kuizuia, inaweza kumwumiza mtu sawa na serikali mbaya. Miaka ya Kenya ikiwa nayo ilionyesha kwamba maandishi hayajilindi. Kinga ya mtu mmoja inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: haki iliyoandikwa juu ya sheria nyingine zote, jaji asiyeweza kufukuzwa kwa hukumu yake, na mlango wa mahakama ambao mwananchi wa kawaida anaweza kuufikia. Nchi inayopunguza chochote kati ya hivyo imepunguza haki za watu wake wote, hata wale wanaoishangilia.